Kitendawili cha Dakika 90: Fani ya Mechi ya Raundi ya Mapema Dodoma

Mechi ya mtoano hukumbukwa pale tu kigogo anapodondoka. Kesho yake magazeti hubeba kichwa kikubwa cha habari, vijiwe vya kahawa huchemka, na kocha wa timu kubwa huanza kuhesabiwa siku. Mechi nyingine za raundi hiyo, ambazo ndizo nyingi, huandikwa kwa mstari mmoja: nani kashinda, kwa mabao mangapi. Mazoea haya yanatunyima jambo. Raundi za mapema za kombe ni utanzu kamili, wenye muundo wake, uhusika wake na namna yake ya kushika taharuki. Uzuri wake haukai katika tukio moja la ajabu. Unakaa katika jinsi swali linavyotegwa, na katika muda linaoweza kudumu kabla ya kujibiwa. Jioni ya kawaida katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, yatosha kuonyesha hilo kwa anayekubali kuisoma polepole.

Tuanze na kanuni, maana ndizo zinazoufanya utanzu uwe utanzu. Kombe la Shirikisho la Tanzania lilirudi msimu wa 2015/16 chini ya udhamini wa Azam, na kuanzia 2023/24 limebeba jina la benki ya CRDB. Timu za madaraja ya chini hutangulia, klabu za Ligi Kuu huingia baadaye, na bingwa hupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ligi Kuu ina timu 16 na kila moja hucheza mechi 30. Ukifungwa leo Mbeya, wiki ijayo unarekebisha Tanga, na msimu mzima una nafasi ya kusahau makosa mengi. Kombe halina wiki ijayo. Mechi ni moja, marudiano hakuna, na lazima mmoja atoke. Hata Uingereza, ambako Kombe la FA lilianza msimu wa 1871/72, sare kwa miaka mingi ilizaa mechi ya pili, na klabu ndogo nyingi zilipata siku yao kubwa katika mechi hiyo ya kurudia. Kuanzia msimu wa 2024/25, raundi kuu za kombe hilo nazo zimeondolewa marudio. Sisi wa huku tulishazoea: jioni moja, jibu moja.

Kanuni ya pili ni ukosefu wa usawa. Ligi hukusanya timu za daraja moja. Raundi ya mapema ya kombe huwaweka pamoja watu ambao hawakupaswa kukutana: mchezaji anayelipwa mshahara kila mwezi na kijana ambaye asubuhi alikuwa kazini kwake. Pengo hili ni sehemu ya fani. Likiondolewa, kinachobaki ni mechi nyingine tu ya ligi.

Ukiunganisha kanuni hizi mbili unapata umbo ambalo Waswahili wanalijua tangu utotoni, nalo ni umbo la kitendawili. Kitendawili kina pande mbili, anayetega na anayetegua, na anayeshindwa kutegua hutoa mji. Katika mechi hii mnyonge ndiye anayetega. Hana haja ya kuwa bora kuliko mwenzake. Kinachomlazimu ni kutega vizuri, kisha kuhakikisha jibu halipatikani mapema. Mwenye nguvu ndiye mwenye kazi ya kutegua, na muda wake unahesabiwa. Bao la dakika ya 5 ni kitendawili kilichoteguliwa kabla mtegaji hajafunga mdomo. Sare tasa ya dakika ya 80 ni kitendawili kinachoanza kumtesa mteguaji. Vitendawili vingi huteguliwa, na havipotezi thamani kwa sababu hiyo. Vingekuwa haviteguliki kamwe, nani angekaa kuvisikiliza?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoipenda raundi ya mapema kwa sababu ya maajabu peke yake. Ushindi wa mnyonge una uzito kwa kuwa umezungukwa na vipigo vingi vya kawaida. Mabao manne kwa bila ya Jumatano yanalipia matuta ya Ijumaa. Shabiki aliyekwenda Jamhuri akaona timu yake ikishinda 3-0 bila jasho ameona utanzu huohuo, katika sura yake inayojirudia zaidi.

Sasa mandhari. Raundi hizi mara nyingi huangukia kati ya Novemba na Februari, na kwa uwanda wa kati miezi hiyo ina maana yake. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe si ya kutegemea. Anayekaa mzunguko saa 10 jioni huwa na macho mawili: moja kwa wachezaji, jingine kwa mawingu. Nyumbani kwao Bahi, Kongwa au Chamwino mtama na uwele vinasubiri mvua hiyohiyo ambayo yeye, kwa dakika 90 tu, anaiomba isubiri. Uwanja uko mjini, watu hufika kwa miguu, kwa bodaboda na kwa bajaji. Langoni kuna karanga za kukaanga, ubuyu, mayai ya kuchemsha na kachumbari, na msimu ukiruhusu, zabibu. Siku Simba au Yanga inapokuja kucheza ligi, msongamano huanza mchana na jezi nyekundu au za njano hufunika jukwaa. Siku ya raundi ya mapema kuna nafasi. Mtu anachagua pa kukaa, ananyoosha miguu, anahama kipindi cha pili kufuata lango linaloshambuliwa.

Nafasi hiyo inabadilisha usomaji. Uwanja ukijaa, sauti ya umati humeza kila kitu, na shabiki huona mpira kupitia hisia za walio jirani yake. Uwanja ukiwa na nafasi, unasikia. Unasikia kipa akiwapanga mabeki wake kwa majina. Unasikia benchi likimwambia winga arudi, na winga akijibu kwamba amechoka. Unasikia mguu ukikutana na mpira, na ukikaa sana unajua kwa mlio tu kama pasi imekwenda sawasawa. Lugha ya ndani ya mchezo, ambayo kwenye mechi kubwa imefichwa, hapa iko wazi kwa mwenye tiketi ya bei ya chini kabisa. Kwa mhakiki wa fani hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo.

Uhusika ndio sehemu inayonivutia zaidi Dodoma. Dodoma Jiji FC, Walima Zabibu, ni timu ya halmashauri ya jiji, na jina lake la sasa limefuata hadhi ambayo mji uliipata Aprili 2018. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020. Katika ligi shabiki wake amejifunza nafasi moja na ameizoea: nafasi ya anayekaza meno vigogo wa Dar es Salaam wanapokuja, anayepigia makofi kila mpira uliobutuliwa nje, anayeitazama saa kwa kuomba iende haraka. Kisha inakuja droo ya kombe. Timu ya daraja la chini inapangwa kuja Jamhuri, na ghafla Walima Zabibu ndio vigogo. Mashabiki walewale, jukwaa lilelile, lakini nafasi zimegeuka. Sasa wao ndio wanaotakiwa kutegua.

Tazama jinsi nafasi hiyo mpya inavyowakaa. Dakika 15 za mwanzo jukwaa linacheka na kutabiri idadi ya mabao. Kufika dakika ya 30 bila bao, utani unapungua. Makosa ambayo wiki iliyopita dhidi ya Yanga yangesamehewa kwa sababu ya ukubwa wa mpinzani, leo hayana pa kujificha. Mshambuliaji akipiga juu ya mwamba, anazomewa na watu waliokuja kumshangilia. Upande wa pili wa uwanja, kundi dogo la watu waliosafiri na wageni linaimba tangu mwanzo na halichoki, kwa kuwa halikuja na deni lolote. Shabiki wa Dodoma anayelitazama kundi hilo anajiona mwenyewe siku ya Simba. Raundi ya mapema inamfundisha kwa vitendo kwamba unyonge na ubabe ni nafasi, na droo ndiyo inayozigawa. Ligi haiwezi kumfundisha hivyo, maana katika ligi msimamo humkumbusha kila wiki yeye ni nani.

Tuingie ndani ya dakika zenyewe. Mechi ya aina hii ina sehemu nne, na mpaka kati ya moja na nyingine husikika kabla haujaonekana. Sehemu ya kwanza ni ya kupimana, na hapo mnyonge huonekana dhaifu kuliko alivyo, kwa sababu hofu humfanya abutue mpira asiolazimika kuubutua. Timu nyingi ndogo hufa hapa. Inayopona hugundua, yapata dakika ya 20, kwamba wachezaji wa Ligi Kuu nao hukosea pasi. Ugunduzi huo unaonekana mwilini: beki anapokea mpira, anainua kichwa, anampa mwenzake chini. Pasi hiyo ya mita 8, isiyoingia katika takwimu yoyote, ndiyo mwanzo halisi wa mechi.

Sehemu ya pili inafika hadi mapumziko na kazi yake ni kuweka swali. Mapumziko ni pengo lenye maana: mashabiki wanageukiana, wageni wasiojuana wanajadili mabadiliko ya wachezaji kana kwamba kocha anawasikia, na kila mmoja anasema waziwazi anachokiogopa. Sehemu ya tatu, kati ya dakika ya 55 na 75, ndiyo yenye mabao mengi ya kawaida. Miguu ya timu ndogo inaisha, benchi la timu kubwa linaingiza watu wawili wenye nguvu mpya, kona zinafuatana, na mpira wa tatu au wa nne unatinga nyavuni. Jukwaa linashusha pumzi. Nimesikia furaha ya bao hili mara nyingi na ina sauti yake, tofauti na ya bao la ligi. Ndani yake kuna shukrani ya mtu aliyeondolewa mzigo.

Swali likivuka dakika ya 75 likiwa zima, sehemu ya nne inaanza, ile ambayo watangazaji wetu huiita dakika za jioni. Hapa muda hubadili mmiliki. Mwanzo wa mechi dakika zilikuwa mali ya mwenye nguvu, alizitumia apendavyo. Sasa ni mali ya mnyonge, naye anazitumia kwa ufundi: kipa anaupanga mpira mara mbili, beki anafunga kamba za kiatu, mrushaji anampisha mwenzake arushe. Watu hulalamika kwamba huku ni kupoteza muda. Kwa jicho la fani, ni kurefusha. Mtegaji mzuri hataji jibu kwa haraka, na refa mwenye busara anajua wapi urefushaji huo unageuka udanganyifu.

Mwisho wake tumeuona mara kadhaa, na mechi mbili zinastahili kusomwa kwa karibu. Tarehe 22 Desemba 2017, Simba, wakiwa mabingwa watetezi, walikutana Chamazi na Green Warriors, timu ya Ligi Daraja la Pili. Dakika 90 ziliisha 1-1, yakafuata matuta, na Green Warriors wakashinda 4-3. Kesho yake Simba ikaachana na kocha Joseph Omog. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Desemba 2018, Mashujaa wa Kigoma waliifunga Simba 3-2 Uwanja wa Taifa. Siku tatu kabla, uwanjani hapohapo, Simba ileile ilikuwa imeichapa Nkana ya Zambia 3-1 na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi hizi mbili huwekwa kapu moja, lakini kwa fani hazifanani. Ya Chamazi ni kitendawili kilichodumu hadi mteguaji akaishiwa muda. Ya Taifa ni kali zaidi: mnyonge hakutosheka na kutega, alifunga mabao matatu ndani ya muda wa kawaida. Ya kwanza ni ushindi wa subira, ya pili ni ushindi wa ujasiri, na shabiki anayezitofautisha ameanza kusoma.

Zilinganishe na fainali iliyochezwa Jamhuri yenyewe tarehe 27 Mei 2017. Mbao ya Mwanza, katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, ilikuwa imeitoa Yanga nusu fainali kwa bao 1-0 pale Kirumba. Mbele ya Simba, Mbao ilitega vizuri: dakika 90 ziliisha bila bao. Lakini ile ilikuwa fainali, na dakika 30 zikaongezwa. Fredrick Blagnon akafunga dakika ya 95, Ndaki Robert akasawazisha dakika ya 109, kisha Shiza Kichuya akamaliza kwa penalti mechi ikielekea ukingoni mwa dakika ya 120. Simba ikashinda 2-1 na kwa kombe hilo ikarudi katika michuano ya Afrika mwaka 2018. Dakika 30 za nyongeza ni huruma kwa mwenye benchi pana, zinamwongezea mteguaji muda wa kufikiri. Kule Chamazi, miezi saba baadaye, muda huo haukuwepo. Timu ileile, swali lenye umbo lilelile, kanuni tofauti, jibu tofauti. Anayesema fani ni pambo tu azitazame mechi hizi mbili sambamba.

Kombe pia lina kumbukumbu ndefu kuliko jioni moja. Januari 2018 Yanga ilikwenda Mbeya kucheza na Ihefu, wakati huo timu ya daraja la chini, ikapona kwa matuta baada ya sare ya 1-1. Ihefu hiyo baadaye ilipanda Ligi Kuu, ikahamia uwanda wa kati na kuitwa Singida Black Stars, na Juni 2025 ilikutana na Yanga kwenye fainali ya kombe hilihili Zanzibar, ikafungwa 2-0. Mashujaa nao walipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na Aprili 2024 waliitoa tena Simba, safari hii kwa matuta na kwao Kigoma. Aliyewaona walipokuwa wadogo alikuwa anasoma sura za kwanza za hadithi ndefu, ingawa jioni ile ilionekana mechi ya kupita tu.

Hapa uhakiki unadai jambo la vitendo. Tangu 2017 fainali ya kombe hili imetembezwa: Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Arusha tena, Tanga, Zanzibar. Ulikuwa uamuzi mzuri, umewapa watu wa mikoani mchezo mkubwa mlangoni pao. Lakini fainali ndiyo sehemu ya kombe inayohitaji mandhari kidogo kuliko zote, kwa kuwa inajaza popote. Raundi ya mapema ndiyo inayoishi kwa mandhari. Ufaransa, timu zikipishana madaraja mawili au zaidi, mchezo huenda kwa mdogo. Ujerumani, raundi ya kwanza ya kombe lao huzipa uenyeji klabu za ridhaa zinapokutana na za kulipwa. Sisi tunaweza kuandika kanuni kama hiyo na kuitekeleza kila panapokuwa na uwanja unaokidhi vigezo. Mashujaa wa 2018 walifanya kazi yao kubwa mbali na watu wao. Kigoma ilistahili kuiona kwa macho.

Kwa Dodoma kanuni hiyo ingekuwa na gharama. Walima Zabibu wangesafiri kwenda kwenye viwanja vidogo ambako wangekuwa wageni na wababe kwa wakati mmoja, na shabiki wa Jamhuri angepoteza jioni kadhaa za karibu na nyumbani. Bado naitetea. Timu ya wilayani inayomkaribisha kigogo kwenye ardhi yake inatega kwa sauti yake yenyewe, mbele ya mama zake, walimu wake na watoto wanaocheza ndondo kwenye kiwanja hichohicho. Na siku droo itakapoileta Jamhuri timu ndogo ya mbali, watu wa Dodoma wana wajibu wao: waende, hata kama ni Jumatano na hata kama ushindi unaonekana umeandikwa. Mteguaji bila wasikilizaji hana anachothibitisha, na mtegaji aliyesafiri siku nzima kwa basi anastahili kusikilizwa hadi neno lake la mwisho.